Chumvi, Neva na Mkono: Historia ya Kubanwa na Misuli ya Nyuma ya Paja

Kubanwa na misuli ni hali ambayo msuli hujikaza bila mwenyewe kutaka, ukawa mgumu kama jiwe kwa sekunde au dakika kadhaa, ukauma kwa namna inayomfanya hata mtu mvumilivu apige kelele, kisha ukalegea na kuacha maumivu ya chini kwa chini yanayoweza kudumu hadi siku ya pili. Hali hiyo si ganzi, ambayo huondoa hisia, wala si kuchanika kwa msuli, ambako nyuzi hukatika na mahali hapo huvimba au kuvilia damu. Miongoni mwa misuli inayoandamwa nayo zaidi ni ile ya nyuma ya paja, ambayo kwa hesabu ya wanaanatomia ni mitatu, na ambayo sehemu yake kubwa huanzia kwenye mfupa wa kukalia, hushuka nyuma ya paja na kujishikiza chini ya goti kwa kano ambazo mtu yeyote anaweza kuzipapasa, zimetanda kama kamba kila upande, akikunja goti na kupitisha vidole nyuma yake. Misuli hiyo inavuka viungo viwili kwa pamoja, nyonga na goti, na jambo hilo, ambalo kwa karne nyingi halikuonekana kuwa na uzito, lilikuja kushika nafasi kubwa katika maelezo ya karne ya 20.

Mtu akiuliza leo kwa nini msuli hubana, jibu atakalopewa mara nyingi ni kwamba amepungukiwa na maji au chumvi. Jibu hilo lina historia yake, na historia hiyo inaonyesha kwamba maelezo yaliyotawala kila kipindi yalitokana na miili iliyokuwa mbele ya macho ya waganga wa kipindi hicho: kwanza wagonjwa wa homa, kisha vibarua wa tanuri na migodi, na mwishowe wanariadha. Kosa lililojirudia halikuwa kuona vibaya, kwa maana wengi wa wachunguzi hao waliona sawasawa, bali kuchukua kilichoonekana kwa kundi moja na kukifanya sheria ya watu wote.

Waganga wa Kiyunani wa mapokeo ya Hippocrates walifundisha kwamba mikazo ya mwili hutokana na kujaa au kupungukiwa, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuendeleza mgawanyo huo katika kitabu chake al-Qanun fi al-Tibb, ambamo chini ya neno tashannuj alitofautisha mkazo unaoletwa na unyevu uliozidi na ule unaoletwa na ukavu. Neno hilo la Kiarabu liliweka katika kapu moja mambo ambayo Kiswahili kimeyatenga kwa majina, yaani degedege ya mtoto mwenye homa, pepopunda inayofuata jeraha lililochafuka, na kubanwa kwa msuli mmoja wa mtu mzima mwenye afya yake. Mawazo ya joto, baridi, unyevu na ukavu yalifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na elimu iliyokuja kwa Kiarabu, na alama yake imo ndani ya lugha hadi leo, kwani baridi yabisi, jina la maradhi ya viungo, ni muungano wa tabia mbili za tiba hiyo, ubaridi na ukavu, neno yabisi likiwa na maana ya kitu kikavu. Tiba iliyoendana na fikra hizo ilikuwa kurudisha joto na ulaini, na ndiyo maana mchuaji wa pwani hupasha moto mafuta ya nazi au ya ufuta kabla ya kuyapaka, akaanza kukanda pembeni mwa pale palipokaza na kusogea taratibu, huku mkono wake wa pili ukiunyoosha mguu uliokunjamana. Sababu iliyotajwa na tiba hiyo imekwisha kuachwa, ila mkono ule wa pili, unaonyoosha, ulikuwa unafanya kitu ambacho sayansi ilichelewa sana kukieleza.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mvuke. Meli za moshi zilipoanza kuvuka bahari za joto katika nusu ya pili ya karne ya 19, chini ya sitaha kulizuka kazi ambayo haikuwahi kuwako, ya kuchochea makaa katika chumba cha matanuri kisicho na upepo, kwa zamu za saa kadhaa, mbele ya milango ya chuma inayofunguliwa na kufungwa. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikizunguka Bahari ya Hindi kupambana na biashara ya watumwa ziliajiri Unguja mabaharia wa Kiafrika walioandikwa katika daftari kwa jina la Sidi, na wengi wao walipelekwa huko chini kwa dai la wakubwa wao kwamba Mwafrika huhimili joto kuliko Mzungu, dai lililowafaa sana walioishi juu ya sitaha. Kazi hiyo ndiyo iliyoupa ugonjwa mojawapo ya majina yake ya mwanzo kwa Kiingereza, mkazo wa wachochea makaa. Mkazo huo haukufanana na wa mkimbiaji wa leo: ulianza kwenye misuli iliyofanya kazi zaidi, ukahama kutoka mkono hadi tumbo na kutoka tumbo hadi paja, na mara nyingi ulimshika mtu zamu ikiwa imekwisha, amekwisha kunywa maji mengi na kupumzika.

Mwaka 1908 daktari David Edsall wa Philadelphia, Marekani, aliandika juu ya wagonjwa wa aina hiyo na kuieleza hali yao kama ugonjwa unaojitegemea, unaoletwa na joto kali na unaotambulika hasa kwa mikazo mikali ya misuli. Hatua iliyofuata ilitoka kwenye makaa ya mawe yenyewe. Huko Uingereza, mhandisi wa migodi K. Neville Moss wa Chuo Kikuu cha Birmingham, aliyefanya kazi pamoja na mwanafiziolojia mashuhuri J. S. Haldane, aliwafuata wachimbaji wa mgodi wa Pendleton karibu na Manchester, ambao ulishuka zaidi ya mita 1,000 chini ya ardhi na ambao miamba yake ilikuwa ya moto kuliko mwili wa binadamu. Katika makala yake ya mwaka 1923 Moss alionyesha kwamba mchimbaji aliyepoteza kilo kadhaa za jasho katika zamu moja alikuwa akitoa chumvi pamoja na maji, na alipokunywa maji matupu alirudishiwa kitu kimoja tu kati ya viwili alivyopoteza, damu yake ikabaki chapwa. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza: chumvi kidogo ndani ya maji ya kunywa.

Uthibitisho mkubwa wa jambo hilo ulipatikana katika korongo la mto Colorado, kwenye mpaka wa majimbo ya Nevada na Arizona, ambako bwawa lililokuja kuitwa Hoover lilijengwa kati ya mwaka 1931 na 1935. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na maelfu ya watu wasio na kazi walikuja na familia zao kulala kwenye mahema kando ya mto kabla nyumba za wafanyakazi hazijawa tayari. Katika kiangazi cha mwaka 1931 joto la mchana lilikaribia nyuzi 49 za Selsiasi, na ndani ya mwezi mmoja tu, kuanzia Juni 25 hadi Julai 26, watu 16 miongoni mwa wafanyakazi na wakazi wa kingo zile walikufa kwa joto. Kuta za korongo zilikuwa za mwamba mweusi uliofyonza jua mchana kutwa na kulirudisha usiku, hivyo hata aliyetoka zamu hakupata mahali pa kupoa.

Mwaka uliofuata walifika watafiti wa Maabara ya Uchovu ya Chuo Kikuu cha Harvard, taasisi iliyofunguliwa mwaka 1927 ili kuchunguza mwili wa mtu kazini, miongoni mwao D. B. Dill na daktari John Talbott. Walichofanya kilikuwa cha kawaida, lakini hakuna aliyekuwa amekifanya kwa ukamilifu namna hiyo: walipima damu, mkojo na jasho la wafanyakazi waliobanwa na misuli na la wale wasiobanwa, wakalinganisha. Damu ya waliobanwa ilikuwa na upungufu wa sodiamu na kloridi, vitu viwili vinavyounda chumvi ya kawaida, na mkojo wao ulikuwa karibu hauna kloridi kabisa, ishara kwamba figo zilikuwa zinashikilia kila chembe iliyosalia. Wagonjwa walipotiwa maji ya chumvi kwenye mshipa wa damu, mikazo iliyokuwa ikiwakunja kitandani ilikoma. Dill na wenzake waligundua jambo la pili lenye thamani ileile, kwamba mtu mgeni wa joto hutoa jasho la chumvi nyingi na kwamba mwili ukishazoea jasho lake huwa chapwa zaidi, ambalo lilieleza kwa nini waliofika karibuni ndio waliokuwa wakianguka. Talbott na mwenzake Michelsen walichapisha matokeo yao mwaka 1933, na katikati ya muongo huo maabara hiyo iliupeleka ujuzi huo kwenye viwanda vya chuma vya Youngstown, Ohio, ambako nyongeza ya chumvi kwa wafanyakazi wa tanuri ilipunguza mikazo.

Ni vyema kusimama hapa kidogo, kwa sababu kazi hiyo inastahili heshima ambayo wakosoaji wa baadaye hawakuipa kila mara. Watu walikuwa wakikunjika kwa maumivu na wengine wakifa, sababu ikapatikana, na dawa yake ikawa kitu kinachouzwa kwa bei ya chini kuliko vitu vyote jikoni. Hakuna shaka kwamba mkazo wa joto, kama ulivyoitwa, ulikuwa ugonjwa wa kupungukiwa na chumvi.

Upotofu uliingia pale vidonge vya chumvi vilipotoka kiwandani na kuingia kwenye viwanja vya michezo. Jeshi lilivigawa kwa askari wa jangwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baada ya vita makocha wa shule na vyuo vya Marekani walivirithi, wakawapa vijana waliokimbia kwa saa moja au mbili tu, ambao jasho lao halikukaribia lile la mchimbaji wa Pendleton. Vidonge hivyo vilichafua matumbo ya wengi, na vilipomezwa bila maji ya kutosha vilizidisha madhara, lakini imani iliyokuwa nyuma yake ilibaki imara: aliyebanwa amepungukiwa.

Imani hiyo ilipopimwa kwa wakimbiaji, haikusimama. Mwaka 1986 Ron Maughan wa Scotland alichapisha uchunguzi wa wakimbiaji 82 wa marathoni, ambao damu yao ilichukuliwa kabla na baada ya mbio, na alipolinganisha 15 waliobanwa na misuli na wenzao ambao hawakubanwa, hakuona tofauti ya maana katika chumvi za damu wala katika maji waliyopoteza. Matokeo kama hayo yalipatikana Afrika Kusini katika mbio za Two Oceans, zinazokimbiwa kwa kilomita 56 kuzunguka rasi ya Cape Town, kwa kazi ya Martin Schwellnus na wenzake iliyochapishwa mwaka 2004. Kulikuwa na swali jingine ambalo mtu yeyote aliyewahi kusimama pembeni mwa uwanja angeweza kuliuliza: ikiwa damu yote ya mkimbiaji imepungukiwa na chumvi, na damu hiyohiyo inafika kila mahali, kwa nini anabanwa nyuma ya paja moja tu, wakati mikono, shingo na mguu wa pili vimesalimika?

Jibu la swali hilo lilianza kutafutwa kwenye neva. Mwaka 1957 Forbes Norris na wenzake walitumia elektromaiografia, yaani njia ya kupima umeme mdogo unaozalishwa na msuli unapofanya kazi, wakaona kwamba msuli uliobana unapokea amri za neva kwa kasi kubwa, na kwamba ni rahisi kuuchokoza ubane kwa kumwambia mtu aukaze ukiwa tayari umefupishwa. Schwellnus aliyakusanya mambo hayo katika makala ya mwaka 1997. Ndani ya msuli, alieleza, mna vipokezi viwili vinavyopingana: kimoja, kinachoitwa spindeli ya msuli, huhisi urefu na huchochea neva iamuru ukazaji, na kingine, kilichomo kwenye kano na kubeba jina la Mwitalia Camillo Golgi aliyekieleza katika karne ya 19, huhisi mvuto na huituliza neva hiyohiyo. Msuli ukichoka, kichochezi huongeza sauti na kitulizaji hunyamaza, na msuli ukiwa umefupika, kano yake huwa imelegea na kitulizaji hakina mvuto wa kukiamsha. Misuli inayovuka viungo viwili ndiyo inayokaa kwenye hatari hiyo mara kwa mara, na hapo misuli ya nyuma ya paja ikapata maelezo yake: mkimbiaji aliyechoka anapokunja goti ili kuupitisha mguu chini ya mwili, misuli hiyo huwa imefupika na inaendelea kuamriwa ikaze.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mfano unaojulikana zaidi wa kubanwa na misuli mbioni ni wa Mtanzania John Stephen Akhwari katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 20, 1968, mashindano yaliyofanyika katika mwinuko wa karibu mita 2,240 na ambayo Mamo Wolde wa Ethiopia alitwaa dhahabu. Akhwari alibanwa na misuli kabla ya kuanguka na kuumia goti karibu na kilomita ya 19, akafungwa bandeji na kuendelea hadi akaingia uwanjani wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Masimulizi mengi huutaja mwinuko wa jiji kuwa sababu ya misuli yake kubana. Maelezo ya neva hayaukatai mwinuko, bali huupa kazi nyingine: hewa yenye oksijeni haba humchosha mkimbiaji mapema kwa kasi ileile aliyoizoea, na uchovu huo, si hewa yenyewe, ndio unaovuruga mizani ya vipokezi.

Upande wa dawa za kumeza, kwinini ina sura yake fupi. Dawa hiyo ya malaria, inayotokana na gamba la mkwinini, mti ambao Wajerumani waliupanda katika kituo chao cha utafiti cha Amani milimani Usambara mwanzoni mwa karne ya 20 na ambao Wabelgiji waliueneza Kivu, ilipendekezwa mwaka 1940 na madaktari Moss (si yule wa Birmingham) na Herrmann wa Marekani kwa ajili ya kubanwa miguu usiku, hali inayowasumbua zaidi wazee na wajawazito. Ilisaidia kiasi, kwa kuwa hupunguza wepesi wa msuli kuitikia neva, lakini iliweza pia kuharibu chembe za kugandisha damu na kuvuruga mapigo ya moyo, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataza kuuzwa bila cheti kwa kazi hiyo katika miaka ya 1990, kisha mwaka 2006 ikaagiza kwinini zote zisizo na idhini ziondolewe sokoni. Kuhatarisha moyo kwa ajili ya msuli unaolegea wenyewe baada ya dakika chache ni biashara mbaya, na inasikitisha kwamba ilichukua zaidi ya miaka 60 kukubalika hivyo.

Kisa cha siki kinafundisha zaidi. Septemba 3, 2000, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Philadelphia Eagles ilicheza Dallas katika joto la nyuzi 43 hivi, wachezaji wake wakiwa wamekunywa maji ya achari ya matango, yenye chumvi na siki, na ushindi wao uliifanya achari hiyo kuwa gumzo. Wengi walidhani chumvi ndiyo iliyofanya kazi. Mwaka 2010 Kevin Miller na wenzake walichapisha jaribio ambamo misuli midogo ya mguu ilibanishwa kwa umeme, kisha watu wakanywa maji ya achari au maji matupu: kwa achari mkazo ulidumu wastani wa sekunde 85 hivi, kwa maji sekunde 134, na chumvi za damu hazikuwa zimebadilika. Kitu kilichomezwa hakikuwa hata kimetoka tumboni. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba ukali wa siki huigusa neva ya koo, na taarifa hiyo hupanda na kushuka hadi kuituliza neva inayouamrisha msuli, hivyo dawa iliyosifiwa kwa chumvi yake ikawa shahidi wa upande wa neva.

Na mkono? Katika viwanja vya mpira mchezaji aliyebanwa nyuma ya paja hulazwa chali, mwenzake akapiga goti mbele yake, akakamata kisigino kwa kiganja kimoja na kulishikilia goti lisikunjike kwa kingine, kisha akaunyanyua mguu mzima polepole kuelekea kifuani hadi kano zile za nyuma ya goti zinyooke kama ugwe wa upinde. Kwa maelezo ya leo, kitendo hicho kinaivuta kano, kinakiamsha kipokezi cha Golgi, na kipokezi hicho kinaizimisha amri iliyokwama, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Mwaka 1979 daktari H. W. Daniell aliandika kwamba kunyoosha miguu mara kadhaa kila siku kuliwaondolea wagonjwa wake mikazo ya usiku bila dawa yoyote, na ingawa majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote kuhusu kinga hiyo, kuhusu mkazo uliokwisha kuanza hakuna tiba iliyoishinda. Maelezo yote mawili, ya chumvi na ya neva, bado yana wagonjwa wake. Mvunaji wa miwa au mfanyakazi wa tanuri aliyetoka jasho saa nane, ambaye paja lake hunyooshwa likalegea, kisha mkono ukabana, kisha tumbo, hatapona kwa kunyooshwa hata akinyooshwa hadi jioni. Huyo bado ni mgonjwa wa Talbott, na anahitaji maji yenye chumvi, akizidiwa ayapate kwa mshipa hospitalini.